Kampuni ya Meno Thelathini na Mawili

Wagonjwa walimwita Daktari Taratibu, kwa sababu kila alipomsogelea mtu na sindano ya ganzi alisema "taratibu, taratibu," na hata aliyekuwa ametulia kama maji mtungini akaanza kujiuliza kuna nini cha kuharakishwa. Kliniki yake ilikuwa juu ya duka la magodoro. Ilikuwa na chumba cha kungojea chenye mabenchi mawili, chumba cha tiba chenye kiti kimoja cha kulaza wagonjwa, na kijichumba cha kuchemshia vifaa ambacho mlango wake ulifunguka nusu tu kwa sababu ya ndoo. Miaka kumi na tisa alikuwa amejiajiri humo. Fedha ziliingia kwenye droo ya meza ya mapokezi, na kutoka kwenye droo hiyohiyo zikatoka za ganzi, za glavu, za pango, za karo za watoto, za mboga, na za mdogo wake wa kiume aliyekuwa kila baada ya miezi miwili anaanza biashara mpya.

Mlinzi wa droo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba aliyeandika kila kilichoingia kwenye daftari kubwa. Kilichotoka hakukiandika. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa kilichotoka kilitolewa na mwenyewe, na mwenyewe anajua.

Mwaka ule hesabu ya kodi ya mapato ilipokuja, Daktari Taratibu aliifungua kwenye ngazi, akashuka hatua mbili, akakaa kwenye godoro la maonyesho mlangoni mwa duka la chini. Muuza magodoro alidhani amepata mteja.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na semina ya madaktari wa meno. Wakati wa chai alikutana na mwenzake waliyesoma naye darasa moja, ambaye wote walimwita Dhahabu kwa sababu ya jino alilojiwekea mwenyewe mbele kabisa, ili mtu akizungumza naye asiangalie kwingine. Dhahabu alimweleza kwamba yeye siku hizi si mtu, ni kampuni. Alisema mtu aliyejiajiri, faida yake ikishapanda, huko juu anakatwa thelathini na tano kwa kila mia, lakini kampuni inakatwa thelathini tu. Tano inabaki mfukoni. Kisha akatabasamu, jino likang'aa, na Daktari Taratibu akaamini kila neno.

Nyumbani alimkuta mumewe akisoma gazeti la juzi. Mumewe alikuwa mwalimu wa lugha, halafu mwalimu mkuu kwa miaka kumi na minne, na sasa alikuwa mstaafu asiye na kikao hata kimoja cha kuongoza. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, naye mkewe vilevile. Alisikiliza habari za kampuni kwa heshima ya mtu anayesubiri zamu ya kusema jambo jingine, mpaka aliposikia kwamba wakurugenzi wanatakiwa wawili, na kwamba wakurugenzi hufanya vikao, na vikao huandikwa muhtasari. Hapo alilikunja gazeti.

"Mwenyekiti wa hivyo vikao ni nani?" akauliza.

Mhasibu waliyeelekezwa kwake alikuwa na ofisi mtaa wa nyuma, chumba kimoja chenye feni iliyozunguka kwa kusitasita na makabati yaliyojaa mafaili hadi darini. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama anahifadhi limau. Daktari Taratibu aliliona kabla hata hajamsalimu. Lakini hakuwa amekuja kwa hilo, kwa hiyo akamkabidhi risiti zake za miaka mitatu, zilizokuwa kwenye mfuko wa nailoni wa kufungia magodoro.

Mhasibu aliumimina mfuko mezani. Nyingine zilikuwa zimefifia hadi zikawa karatasi nyeupe tu, nyingine zimegandana kwa dawa ya kuzibia meno. Alizipekua kwa ncha ya kalamu, akainamisha kichwa, akatazama pembeni, akatazama chini yake, akavuta pumzi kati ya meno.

"Mara ya mwisho kusafisha humu ilikuwa lini?"

Daktari alihisi uso ukipata moto. Alijitetea kuwa alikuwa na shughuli nyingi.

"Wote husema hivyo," mhasibu akasema bila ukali. "Halafu wanakuja limeshaoza." Alipotamka neno la mwisho alikunja uso na kushika shavu.

"Na hilo gego linakuuma tangu lini?"

"Haliumi sana. Nilikuwa na shughuli nyingi."

Wakatazamana kidogo. Mwalimu, aliyekuwa amekuja na daftari jipya, akaandika kitu.

Mhasibu alichukua karatasi safi, akaeleza. Kwa sheria za pale, alisema, ni kweli kampuni inakatwa thelathini. Lakini ile sabini inayobaki si ya daktari, ni ya kampuni. Akiitaka, kampuni imgawie kama gawio, na gawio nalo linakatwa kumi kwa mia kabla halijamfikia. Kumi kwa mia ya sabini ni saba. Thelathini ukijumlisha saba ni thelathini na saba. Akasukuma karatasi mbele ili waone wenyewe.

"Dhahabu hakuitaja saba," alisema Daktari Taratibu.

Mhasibu alisema karibu kila mtu anayekuja pale ameambiwa habari na mtu aliyesahau saba. Tena ile thelathini na tano ya mtu binafsi haipigwi juu ya fedha yote. Fungu la chini halikatwi kabisa, linalofuata linakatwa kidogo, na makali yako kileleni tu. Kwa hiyo mtu anayekula faida yake yote kila mwezi, bila kubakisha, kampuni haimsaidii lolote ila kumwongezea karatasi.

Daktari alikuwa na tegemeo la pili. Alikuwa amesikia kwamba hiyo ni kampuni yenye ukomo wa dhima, akaelewa kuwa siku akimng'oa mtu jino lisilo lenyewe, mzigo utabebwa na kampuni, yeye ataendelea na kazi. Mhasibu alitikisa kichwa taratibu kwa sababu ya shavu. Leseni ya udaktari ni ya mtu, alisema, na mkono ni wa mtu. Kampuni ikishindwa kulipa deni la muuza vifaa, muuza vifaa hatakuja kuchukua nyumba yao, labda kama daktari alijiandikisha kuwa mdhamini. Lakini jino ni la aliyeling'oa, na bima ya kazi aendelee kuilipia kama kawaida.

Ilionekana safari imeishia hapo. Mwalimu alifunga daftari kwa huzuni ya wazi. Ndipo mhasibu akauliza swali ambalo katika miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza Daktari Taratibu: faida yake anataka itoke, au ikae?

Alifikiri. Kisha akaanza kusema, mwanzoni kwa kusitasita, baadaye bila kituo. Alitaka kiti cha pili. Alitaka mashine yake ya eksirei, maana kila mgonjwa aliyehitaji picha alimtuma upande wa pili wa mji na nusu yao hawakurudi. Alitaka daktari mwingine kijana wa kusaidiana naye, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda upande wa kulia kufuata midomo ya watu. Alipomaliza alishangaa mwenyewe. Mumewe pia alikuwa akimtazama kama mtu aliyesikia redio ya jirani ikitaja jina lake.

"Basi hiyo ni habari nyingine," mhasibu akasema. Mshahara wa kiasi kila mwezi, unaokatwa kodi kama wa mwajiriwa yeyote, ambao kwa kampuni ni gharama. Kinachobaki kisitolewe, kikatwe thelathini badala ya thelathini na tano, kikae kinunue kiti. Hapo ndipo kampuni ina maana. Ila sharti lake, alisema, ni kwamba droo ife.

Kabla hawajaondoka, Daktari Taratibu alimwambia aje kesho yake alitazame lile gego. Mhasibu akasema atakuja. Hakuja.

Kuandikisha jina kulichukua wiki tano. Waliomba "Tabasamu," wakaambiwa lipo. Waliomba "Tabasamu Jipya," lipo. Mtu wa dirishani kwa msajili wa makampuni aliwaambia kwa uchovu kwamba kila mtu anayegusa meno ana tabasamu, wajaribu kitu kingine. Wifi ndiye aliyependekeza Meno Thelathini na Mbili. Mwalimu alikubali wazo, akakataa sarufi. Meno ni mawili, alisema, hayawezi kuwa mbili, na hataongoza kampuni iliyokosea upatanisho kwenye jina lake. Hati ilirudi kutoka kwa msajili imeandikwa "Mbili." Mwalimu akaenda. Ikarudi tena "Mbili." Akaenda na kitabu cha sarufi. Mara ya tatu ilirudi "Mawili," na mtu wa dirishani alimuomba daktari, kwa unyenyekevu, siku nyingine aje yeye mwenyewe.

Hisa ziligawanywa: tisini na tisa za daktari, moja ya Mwalimu. Katiba ya kampuni iliandikwa na Mwalimu kwa siku nne, mkewe akatia saini kila ukurasa kati ya mgonjwa na mgonjwa bila kuisoma.

Kisha likaja jambo la kiti.

Kiti cha wagonjwa, taa yake, mashine ya kuchimbia meno na makoleo yote yalikuwa mali ya Daktari Taratibu mwenyewe. Kampuni ilikuwa na jina zuri, lakini haikuwa na hata kioo cha kutazamia fizi. Ilibidi daktari aiuzie kampuni vifaa vyake kwa mkataba, bei ya haki, maana ofisi ya kodi haipendi mtu kujiuzia vitu kwa bei ya kujipendelea wala ya kujionea. Yeye angetia saini kama muuzaji. Kwa upande wa mnunuzi, alisema mhasibu, ni vizuri zaidi atie mkurugenzi mwingine.

Mkutano wa mauzo ulifanyika Jumamosi mchana katika chumba cha tiba, baada ya mgonjwa wa mwisho. Mhasibu alikuja, akasimama mlangoni, mbali na kiti. Daktari alitaja bei. Mwalimu alivaa miwani, akakizunguka kiti mara mbili, akabonyeza kanyagio, kiti kikapanda kwa mlio wa kulalamika, kikashuka.

"Kampuni inaona bei ni kubwa," alisema.

Mkewe alicheka. Mwalimu hakucheka. Alionyesha mahali ngozi ya mkono wa kulia ilipopasuka. Alionyesha mguu wa taa uliofungwa plasta. Alisema kampuni ndiyo kwanza imezaliwa, haiwezi kuanza maisha kwa kunyonywa na mtu mmoja. Akataja nusu ya bei.

"Unanipa nusu?"

"Sikupi mimi. Kampuni."

Daktari Taratibu, ambaye watu walimjua kwa upole, aliweka mikono kiunoni. Alisema kiti kile alikinunua mwaka aliokuwa na mimba ya mtoto wa pili, akala maharage mwaka mzima, na mkono ule ulipasuliwa na kucha za watu waliokuwa wakitibiwa, siyo na uzembe wake. Mwalimu alisema anamhurumia muuzaji lakini huruma haimo kwenye ajenda. Aliongeza kidogo. Daktari alishusha kidogo. Wifi, aliyekuwa akisikiliza kwenye kijichumba cha vifaa, akatoka na kuuliza kama kuna mtu anahitaji maji.

Mhasibu alikuwa amejishikia shavu kwa mikono miwili. Hatimaye alimwomba Mwalimu amsikilize. Bei hiyo, alieleza, kampuni haina fedha ya kuilipa leo, kwa hiyo itabaki kuwa deni la kampuni kwa daktari. Na deni hilo daktari ataweza kulichukua kidogo kidogo mwaka mzima bila kukatwa kodi ya mshahara wala ya gawio, kwa sababu si mapato, anarudishiwa chake tu.

"Sasa kila unapoishusha bei, Mwalimu," alimalizia, "unaishusha dhidi ya jikoni kwako."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akakitazama kiti kwa jicho jipya. Akasema kwamba, akifikiri vizuri, ngozi iliyopasuka ni dalili ya chombo kilichozoeleka na kupendwa, na kampuni iko tayari kuongeza juu ya bei ya kwanza.

Mhasibu akakataa hilo pia. Siku ya pili aliletwa mthamini, kijana mkavu asiyesema na mtu, akapiga picha, akakalia kiti, akaandika bei iliyokuwa katikati ya hizo mbili. Mume na mke hawakusemeshana mpaka Jumatatu, na hata hapo walianza kwa habari za hali ya hewa.

Droo ilikufa tarehe mosi. Fedha zilianza kwenda benki kila jioni, na wifi, ambaye kwa miaka yote alikuwa ameambiwa aandike tu, sasa alipewa mamlaka, akayapenda. Siku ya tatu Daktari Taratibu alikuja mapokezi kuchukua hela ya gesi kama alivyozoea, akaikuta droo imefungwa.

"Wifi, nipe hela kidogo, gesi imekwisha nyumbani."

"Hii si yako, wifi. Ni ya kampuni."

"Kampuni ni yangu."

"Hisa ni zako," alisema wifi, ambaye alikuwa amesoma katiba yote. "Ukitaka, nenda kwa mkurugenzi mtendaji."

Mkurugenzi mtendaji alikuwa daktari mwenyewe. Alisimama pale na koti lake jeupe, na wagonjwa wanne wakimtazama kutoka kwenye benchi, akaona hakuna njia ya kuendelea na mazungumzo yale bila kujiaibisha. Alirudi ndani. Jioni walikula vitu visivyohitaji moto.

Lakini mazoea hayafi kwa siku tatu. Mwezi uliofuata alichukua kadi ya benki ya kampuni akamlipia mdogo wake tiketi ya basi na mzigo wa viatu vya mitumba. Mwisho wa mwezi mhasibu aliupata ule muamala, akapiga simu. Fedha iliyotoka kwenye kampuni, alisema, ina majina manne tu: mshahara, gawio, mkopo, au malipo ya lile deni la kiti, ambalo fungu lake la mwezi huu daktari ameshalichukua. Hii haina jina. Ikikaa hivyo, ofisi ya kodi itaipa jina yenyewe, na itaiita mshahara, na itadai chake pamoja na faini. Daktari aliirudisha kutoka kwenye mshahara wake, na mwezi ule akajua uchungu wa kuwa mwajiriwa.

Mwalimu aliitisha kikao cha dharura. Kilifanyika kwenye mabenchi ya kungojea. Alitangaza kwamba akidi imetimia, kwa kuwa wote wawili walikuwepo, akasoma ajenda ya kwanza, "Viatu."

Mdogo wake daktari alikuja tena baada ya majuma machache, mchangamfu kama kawaida, na wazo la kukodisha mahema. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia fedha si yake, ni ya kampuni, kama ana maombi aandike barua kwa bodi. Ndugu yule alicheka mpaka akapaliwa. Alipoona dada hacheki, aliandika kweli, akaipeleka kwa shemeji yake. Baada ya siku mbili alirudishiwa barua yenyewe, imesahihishwa kwa wino mwekundu, alama arobaini na moja kwa mia, na chini yake maneno: "Bodi imekataa. Jihadhari na matumizi ya herufi kubwa."

Alikuja kwa dada yake akiwa ameishika ile barua, hajui acheke au akasirike. Daktari Taratibu alimpeleka nje ya kliniki, kwenye ngazi, akatoa noti kadhaa kwenye pochi yake na kumpa. Zilikuwa chache kuliko alizozoea kumpa. Alimwambia hizi ni zake mwenyewe, zimeshakatwa kodi, hakuna bodi inayozijua. Kijana alipoondoka, daktari alibaki pale kidogo. Miaka yote alikuwa akitoa bila kujua anatoa nini, droo ikifunguka na kufungwa. Leo alijua kiasi chake, na alijua kitamuuma wapi mwezi huu, na kwa sababu hiyo alijisikia amempa mdogo wake kitu.

Ushujaa wa mhasibu uliisha wiki ya kupeleka hesabu za mwaka. Alikuja kliniki saa tatu asubuhi bila miadi, shavu limefika kwenye jicho, na mafaili ya wateja wengine kwapani, kana kwamba alikuwa anapita tu. Wifi alimpitisha mbele ya wote kwa kuwa hata mgonjwa mwenye haraka kuliko wote alimwonea huruma. Alipolazwa kwenye kiti alishika ule mkono wa kiti uliopasuka, akaupasua zaidi. Kwa sauti iliyotoka puani akauliza kama kungoja mpaka mwezi ujao kungeleta tofauti yoyote.

"Riba inapanda kila siku," alisema Daktari Taratibu, akampiga sindano.

Gego lilitoka vipande vitatu. Baadaye, akiwa na pamba mdomoni na uso wa mtu aliyerudishiwa maisha, mhasibu alifika mapokezi, akalipa, akaomba risiti iandikwe jina la ofisi yake.

Wifi aliinua miwani. "Jino ni la ofisi?"

Mhasibu alifungua mdomo, akakumbuka pamba, akaufunga. Alijua jibu kuliko mtu yeyote katika mji ule. Wifi aliandika jina lake binafsi kwa herufi kubwa, akapiga muhuri mara mbili.

Hesabu za mwaka zilipokamilika, familia ilikaa kuzisikiliza. Ukilinganisha kodi ya kampuni na kodi ya mshahara wake, kwa jumla, na kile ambacho angelipa kama angebaki alivyokuwa, daktari alikuwa ameokoa kiasi fulani. Ukitoa ada ya msajili, ada ya mthamini, ada ya mkaguzi na ya mhasibu mwenyewe, kilichobaki kilitosha kununua viatu vya kiume, jozi moja, vya kawaida. Mwalimu aliomba hesabu irudiwe. Ilirudiwa. Viatu vilevile.

Ila benki ilikuwa na fedha. Haikuwa ya kutisha, lakini ilikuwa pale, imekaa, haijaliwa na mtu. Mhasibu alisema mwaka wa kwanza ndio wenye ada nyingi, na kwamba uokoaji wa kweli wala haukuwa wa kodi, ulikuwa wa kuifunga droo. Kodi ilikuwa kisingizio tu, alisema, lakini ni kisingizio halali. Miezi mitatu baadaye kiti cha pili kilipandishwa ngazi na wabebaji sita na ushauri mwingi wa muuza magodoro. Na nyuma ya kiti akaja daktari wa pili, binti aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia, mwenye mikono midogo na mgongo ulionyooka. Eksirei ilibidi isubiri.

Kikao cha kufunga mwaka kilichelewa mpaka binti alipoanza kazi, na Mwalimu alikuja nacho kimya kimya. Ajenda ya nne ilikuwa likizo. Alisoma kifungu cha mkataba wa ajira wa mkurugenzi mtendaji, aliouandika yeye: siku ishirini na nane kila mwaka, kwa malipo. Mkurugenzi mtendaji hakuchukua hata moja. Mwenyekiti anapendekeza aanze Jumatatu.

Daktari Taratibu alikataa. Alisema wagonjwa wamejaa, binti ni mgeni, na yeye hajawahi kwenda likizo tangu afungue mlango ule. Mwalimu alisema hiyo ndiyo hoja yenyewe. Ikapigwa kura. Mmoja alikubali, mmoja alikataa. Mwalimu alifungua katiba, ukurasa wa tisa, kifungu ambacho mkewe alitia saini huku mgonjwa akiwa ameachama nyuma yake: kura zikilingana, mwenyekiti atakuwa na kura ya uamuzi.

Usiku huo, jikoni, alimpigia mhasibu kuuliza kama kuna namna. Mhasibu alisema ipo. Kwa hisa zake tisini na tisa anaweza kuitisha mkutano wa wanahisa na kumwondoa Mwalimu ukurugenzi. Daktari alimtazama mumewe kupitia mlangoni. Alikuwa ameketi anaandika muhtasari kwa mwandiko wake wa ubaoni, ulimi nje kidogo, kama mtu aliyepewa kazi yake tena. Alifikiri kwa dakika nzima. Akamshukuru mhasibu, akakata simu.

Jumatatu alilala hadi saa nne. Jumanne alipanga kabati. Jumatano alijiambia anakwenda kununua vitunguu, miguu ikampeleka ngazi za duka la magodoro. Wifi alimwona akiingia, akamwambia kwa ukarimu kabisa kuwa walio likizo hawaingii chumba cha tiba, na kama ana shida akae kwenye benchi kama wengine.

Akakaa. Hakuwahi kukaa pale. Benchi lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, na ukutani, mbele ya macho, palikuwa na bango la jino lililokatwa katikati, ambalo yeye mwenyewe alilitundika miaka kumi na tisa iliyopita na kuliona zuri. Kutoka nyuma ya mlango ulikuja mlio wa mashine ya kuchimbia, mwembamba, mrefu, ukipanda. Alihisi nywele za shingoni zikisimama.

Bibi mmoja aliyekaa pembeni yake, kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini, alimgusa goti.

"Mwanangu, huyu wa humo ndani anaumiza?"

Daktari Taratibu aliusikiliza mlio ule mpaka ukakoma.

"Sijui, bibi," akasema. "Lakini mkono wake unasikika ni mwepesi."

Mlango ukafunguka, mgonjwa akatoka anajipapasa mdomo uliokufa ganzi, na wifi akaita anayefuata. Bibi alisita. Daktari alimsaidia kuinuka, akamshikia mkoba wake, akamsindikiza mpaka kizingitini, akaishia hapo. Kisha akashuka ngazi kwenda kutafuta vitunguu.